Mauntingi ya injini nimeibadilisha mwenyewe nyumbani Tanga, na kazi yote iko kwenye jeki

Nianze na hili maana ndo limenifanya nikae chini niandike. Boliti ya mauntingi ya injini, yani zile raba zenye chuma zinazoishika injini kwenye bodi, ikikugomea usikimbilie bomba refu wala nyundo, gusa jeki kwanza. Ipandishe kidogo, jaribu, ikikataa ishushe kidogo, jaribu tena. Boliti nyingi za mauntingi hazijashikwa na kutu peke yake jamani, zimelaliwa na uzito wa injini, na huo uzito ukishauondoa boliti ile ile iliyokuwa inakutoa jasho unaikuta unaizungusha kwa vidole. Watu wanavunja boliti, wanaharibu thredi, alafu wanasema hii kazi haifanyiki nyumbani, wakati mtu mwenye seti ya spana ya kawaida na jeki moja ya uhakika anaifanya chini ya mwembe uani kwake, anaanza asubuhi na adhuhuri ikiadhiniwa ashaosha mikono.

Gari yenyewe ni Toyota IST ya 2004, injini 2NZ ile ya cc 1300. Naishi Makorora na hii gari ndo inanilisha, msimu wa machungwa naenda nayo Muheza, nikimaliza machungwa naenda Pangani kufata nazi, kwaiyo haipakiwi kama gari ya kwendea ofisini. Na barabara ya Pangani mnaijua wenyewe, hapo Tongoni kwenda Kigombe miaka mingi tumeila vumbi na makorongo, gari inaruka inatua, inaruka inatua, na kila ikitua injini nayo inataka kuendelea kwenda chini na kinachoizuia ni vipande vitatu vya raba na chuma. Ndo hizo mauntingi. Mtu anakumbuka kubadilisha oili, anakumbuka shokapu, anakumbuka mpaka kupaka tairi dawa zing'ae, lakini mauntingi hana habari nazo mpaka gari ianze kumtikisa meno.

Yangu ilianza pole pole. Nikisimama pale kwenye makutano ya barabara ya Pangani, mguu kwenye breki, gia iko D, usukani unatetemeka na dashibodi inalia trrrr. Nikitoa gia nikaweka N mtetemo unakata. Nikiwasha AC unarudi mkubwa zaidi. Baadae ikaongezeka nyingine, nikitoa R kwenda D nasikia ngo! chini upande wangu wa dereva, na asubuhi nikizima au kuwasha gari nzima inajitikisa mara moja. Nikapeleka kwa fundi mmoja, akaendesha mtaa mmoja akarudi, akaniambia hii giaboksi inaondoka hii, jiandae kutafuta nyingine. Sa hapo mtu unafikiria hesabu ya giaboksi, unafikiria ada za watoto, roho inakuuma kweli.

Jioni yake nikapita kwa mjomba wangu, mzee alifanya kazi karakana ya shamba la mkonge miaka mingi, matrekta na zile mashine za kuchakata mkonge zinazoitwa korona zote zimepita mikononi mwake. Nimefika tu sijazima gari,

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu, mbona gari yako inatetemeka kama ina homa?"

Nikamweleza habari ya giaboksi. Hakujibu, akaniambia fungua boneti, rudi ukae ndani, kanyaga breki mpaka mwisho, hendibreki juu, akaenda akaokota mawe akayaweka mbele na nyuma ya tairi. Yeye akasimama ubavuni, sio mbele ya gari. Akasema weka D gusa mafuta kidogo, haya achia, rudi N, weka R gusa tena kidogo. Mara ya pili akanyoosha mkono nizime. "Giaboksi yako nzima. Injini haijashikwa. Shuka uje uone."

Tukabadilishana, akakaa yeye kwenye usukani mi nikaangalia, na wallahi ukishaona kitu hicho mara moja hutakaa usahau. Injini yenye mauntingi nzima inajisogeza kidogo tu pale unapogusa mafuta, yani inapumua. Yangu ilikuwa inanyanyuka upande wa kulia mpaka unaona mwanga unaingia kati ya raba na chuma chake, alafu inaanguka ngo. Ile ngo niliyoambiwa ni giaboksi ndo hiyo, chuma kinagonga chuma kwa sababu katikati hamna kitu tena.

Kipimo hiki fanya kabla hujanunua chochote, ila kifanye na mtu unayemwamini kwenye usukani na hata huyo unayemwamini usisimame mbele yake. Na usisahau kutofautisha na injini inayomisi, maana plagi mbovu au koili iliyokufa nayo inatetemesha gari vizuri tu. Injini inayomisi haiponi ukiweka N, inaendelea kukosa kosa, inakosa nguvu ukipanda kilima na mara nyingi taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Mtetemo wa mauntingi unakuja gari ikiwa kwenye gia imesimama, ukitoa gia unapungua sana, na barabarani ukikimbia unausahau kabisa. Ukiona hivyo na ukaona injini inaruka ulipoipima, basi.

Kwanini inatetemeka hivyo ikiwa imesimama? Mjomba alinieleza kwa vidole vyake mezani tukinywa kahawa na kashata na nikaelewa kuliko nilivyowahi kusoma popote. Injini ya silinda nne, kila mzunguko mmoja inapiga mara mbili. Gari ikiwa sailensa, yani inanguruma bila kukanyaga mafuta, pale kwenye mizunguko 700 kwa dakika, hayo ni mapigo 1400 kwa dakika, zaidi ya ishirini kila sekunde, na kila pigo ni msukumo. Ukiweka D na kushika breki, injini inasukuma giaboksi, giaboksi inasukuma tairi, tairi zimekataa kwenda, sasa ile nguvu inarudi kuipindua injini yenyewe na anayeizuia isipinduke ni mauntingi. Raba ikiwa nzima inayameza yale mapigo. Ikichanika yanapita yote moja kwa moja kwenye bodi, kwenye kiti, kwenye usukani, mpaka kwako.

Na mauntingi ya kulia ya gari hizi za Toyota ndogo nyingi sio raba tupu, ndani ina maji maji yake. Kuna vyumba viwili na njia nyembamba katikati, injini ikitikisika yale maji yanapita kwa shida kutoka chumba kimoja kwenda kingine na hiyo shida ndo inaua mtetemo. Kwaiyo ikipasuka yanavuja. Nilipomulika tochi nikakuta mchirizi mweusi umeshuka kwenye breketi mpaka kwenye bodi, umeganda na vumbi jekundu la Muheza, na mtu asiyejua atasema oili inavuja kwenye injini. Nikaupangusa na kitambaa, nikatia bisibisi kwenye ufa wa raba, ikaingia yote hadi kwenye mpini. Hapo hapakuwa na ubishi tena.

Spea sasa. Nitasema ninachokiamini hata kama kuna watakaoudhika, mauntingi usinunue kwa sura. Zinafanana sana, unaweza kupewa ya Vitz, ya Raum, ya IST ya injini nyingine, ukaiona ni ile ile, kumbe tundu moja limekaa pembeni kidogo na hapo ndo utashinda siku nzima. Nenda na namba. Toyota namba ya spea inayoanza na 12305 ni ya upande wa kulia, 12372 ni ya kushoto kule kwenye giaboksi, alafu baada ya hapo zinafata tarakimu tano zinazoitofautisha gari na gari, na ukiisafisha mauntingi ya zamani wakati mwingine unaikuta namba imeandikwa humo humo. Mwenye duka akikwambia namba haina maana, shukuru, nenda duka la pili.

Kuna mpya orijino, kuna mpya za kuiga, na kuna zilizotumika za kutoka Japani. Zilizotumika bei yake inavutia lakini fikiria, raba inazeeka hata ikikaa kwenye shelfu, na hiyo ya gari ya mwaka kama wa kwako imeshakula miaka sawa na uliyoitoa. Ukilazimika kuchukua iliyotumika igeuze uangalie chini kama kuna unyevu wa maji yake, ikunje kwa mikono uone kama nyufa zinafunguka, inuse kama imelowa oili. Za kuiga nyingine ni ngumu mno, utamaliza kufunga na mtetemo utaubadilisha jina tu. Ile tabia ya kukata kipande cha tairi na kukijazia kwenye mauntingi iliyochanika mi siiungi mkono kabisa, ni kweli ile ngo inaondoka lakini tairi ni gumu, halimezi kitu, na mapigo yote yale 1400 unayapeleka kwenye bodi. Za maduka ya hapa Ngamiani siku hiyo zilikuwa hazilingani na namba yangu, nikaagiza Ilala Dar, ikaja kwa basi nikaipokea stendi, na nilikaa nayo kwanza mezani nikailinganisha na ile iliyoko kwenye gari tundu kwa tundu kabla sijashika spana.

Vifaa havitishi. Boksi spana za 12, 14 na 17 na racheti yake, ekstensheni ndefu na fupi, spana ya ringi 14 kwa mahali ambapo racheti haipiti, mpini mrefu wa kufungulia mwanzo, mtaimbo mfupi, brashi ya waya, jeki ya magurudumu ile inayolala chini, na kipande cha ubao kinene. Boksi chukua zile za pembe sita ndani, zile za pembe kumi na mbili zinateleza kwenye kichwa cha boliti kilicholika na kutu na ukishakiviringisha kichwa hapo ndo umejitafutia kesi. Kila gari na boliti zake, hizo ndo nilizotumia kwangu.

Huku kwetu bahari iko karibu na upepo una chumvi, kwaiyo kutu sio hadithi. Jana yake jioni nikasugua boliti zote kwa brashi ya waya, nikapuliza WD-40 na nikaziacha zilale nayo. Ukikosa hiyo wengi hutumia dizeli, nayo inapenya taratibu. Ila mafuta ya aina yoyote yakae mbali na raba mpya, raba haipatani na mafuta hata siku moja, inavimba inalainika inachanika.

Asubuhi injini ikiwa baridi, gari kwenye sakafu ya saruji, sio mchangani. Mawe kwenye tairi za nyuma, hendibreki, terminali hasi ya betri nikaitoa kwa sababu spana itakuwa inacheza karibu na nyaya. Mjomba alikuja kwa baiskeli yake akakaa kwenye kigoda hakushika kitu, alikuwa anaangalia tu.

Sasa jeki. Jeki inakaa chini ya sampu, lile karai la oili chini ya injini, na kati ya jeki na sampu unaweka ule ubao, mpana, usambaze uzito. Sampu ni bati, ukiiweka kwenye kichwa cha jeki tupu utaibonyeza na kule ndani kuna mdomo unaovuta oili, ukiuziba injini inakufa na mauntingi yake mpya. Ubao lazima. Alafu unapandisha polepole ukiwa umekodolea macho mauntingi yenyewe, sio jeki. Kuna sekunde unaona ile raba iliyokuwa imebanwa inaanza kufunguka, chuma cha juu kinajitenga na cha chini, bodi ya gari haijapanda. Simama hapo hapo. Hutaki kuinua gari, unataka kuibeba injini tu ili isiwe na haja ya mauntingi kwa muda. Ukiona bodi inaanza kupanda umepita. Na injini hiyo pamoja na giaboksi ni zaidi ya kilo mia, kwaiyo mjomba aliniamuru niweke na gogo pembeni ya jeki, limekaribia kugusa, ili jeki ikipoteza presha injini isishuke. Vidole haviingii kati ya breketi na bodi hata kidogo, hata kwa sekunde ya kuokota washa ya boliti.

Mauntingi ya kulia raha yake unaifanyia kazi kutoka juu, huna haja ya kulala chini ya gari. Nilisogeza tu kilichokuwa kinaziba njia, nikapiga picha na simu kila kitu kabla ya kugusa, boliti inayotoka naichomeka kwenye kipande cha boksi la karatasi kwa mpangilio ule ule iliokaa, maana urefu wake haulingani.

Za kwanza zilitoka vizuri. Kuna ujanja mdogo hapa, kabla ya kufungua ikaze kwanza kidogo sana, usikie kutu inakatika tik, ndo uirudishe. Ikaja hiyo ya mwisho inayoshika mauntingi kwenye breketi ya injini. Ikazunguka nusu ikasimama. Nikavuta mpini, haiendi. Nikatafuta bomba la chuma nirefushe mpini, na nilishalivisha kabisa, mjomba akainuka pale kwenye kigoda.

"Toa hilo bomba mwanangu. Unagombana na nani? Boliti imebeba injini. Kaulize jeki."

Akainama mwenyewe akafungua valvu ya jeki kidogo, yani kidogo mno, sidhani kama injini ilishuka milimita mbili. Akaniambia jaribu. Bado ngumu. Akapandisha pampu moja, jaribu, ikasogea. Akapandisha nusu pampu nyingine, na nikiwa nimeshika racheti nikasikia upinzani wote umeyeyuka mkononi. Nikaweka racheti chini, nikaitoa ile boliti kwa vidole mpaka mwisho, thredi zake zinang'aa hazijaguswa. Nilibaki naishangaa. Ingekuwa ni bomba ningeikata ile, na boliti iliyokatikia ndani ya breketi ni shughuli ya kutoboa na drili, hapo tena sio kazi ya nyumbani.

Kuanzia hapo kila kitu nilikifanya kwa kusikiliza jeki. Boliti ikiwa ngumu mwanzo tu, alafu inalainika, hiyo ni kutu. Boliti ikizunguka kwa ugumu ule ule mwanzo mpaka mwisho, au ukiona inatoka imeegemea upande mmoja, au thredi zake zimeng'aa upande mmoja tu, hiyo imebeba uzito, na dawa yake ni milimita moja au mbili juu au chini. Na wakati mwingine uzito sio wa juu na chini, injini imejivuta mbele au nyuma, hapo ndo mtaimbo unaingia, unaisukuma taratibu kwa mkono mmoja huku wa pili unajaribu boliti.

Ya zamani ilipotoka ilitoka vipande viwili. Chuma cha katikati kilibaki mkononi na raba yake ikabaki kwenye kikombe, na yale maji meusi yaliyobaki yakamwagikia kwenye saruji. Kwa muda gani nimeendesha hivyo sijui, lakini yale mapigo yote yalikuwa yanabebwa na mauntingi mbili zilizobaki pamoja na paipu ya egzosi, paipu za rejeta na drafshafti. Ndo maana gari ikikaa muda mrefu na mauntingi moja iliyokufa unaanza kuona fleksibo ya egzosi imepasuka, mara mauntingi ya pili nayo imeondoka, unatibu vidonda vya pembeni.

Kufunga sasa, na hapa ndo naomba msiwe na haraka. Ingiza mauntingi mpya, alafu boliti ZOTE zianze kwa vidole, kila moja iingie mizunguko kadhaa kwa mkono mtupu kabla hujakaza hata moja. Ukikaza ya kwanza mpaka mwisho, ya mwisho haitapata tundu lake kamwe na utaanza kuilazimisha. Tundu zangu mbili zilikubali papo hapo, ya tatu ilikuwa imepishana nusu tundu hivi, nikashusha jeki kidogo ikapishana zaidi, nikapandisha ikaja, ikaja, nikatia boliti ikashika yenyewe. Boliti isiyotaka kuingia kwa vidole haijakaa sawa, usiibembeleze kwa spana.

Alafu hukazi bado. Unashusha jeki pole pole mpaka injini ikae yenyewe juu ya raba mpya, unatingisha gari kwa mkono kwenye boneti pale ijikalishe, ndo unakaza. Sababu yake ni kwamba ukikaza injini ikiwa bado inaning'inia kwenye jeki, raba inafungwa ikiwa imejipinda, na ukishusha uzito inabaki imejipinda maisha yake yote, mtetemo unaurudisha na raba mpya inachanika kabla ya wakati. Hili nadhani ndo linawaangusha wengi wanaosema nimeweka mpya na bado gari inatetemeka. Kukaza nilitumia torki renchi ya kuazima kwa jirani na vipimo nikafata vya injini hii kwenye kitabu chake cha ufundi. Kama huna, mkono wa wastani na mpini wa kawaida, sio bomba.

Nikarudisha terminali, nikakagua hamna kifaa nilichosahau humo ndani, nikawasha. Nikaweka D, mguu kwenye breki. Mjomba alikuwa ameweka kikombe chake cha kahawa juu ya dashibodi, akaniambia angalia kikombe. Kahawa ilitulia, ina duara dogo tu pale katikati. Akachukua kikombe chake akanywa, akaniuliza "Na giaboksi je?" Tukacheka sana. R kwenda D, kimya. AC ikawaka, mtetemo mdogo wa kawaida tu wa gari ya umri wake.

Jambo ambalo nililimaliza wiki ile ile ni chanzo. Mbali na yale maji yake, raba ya upande ule ilikuwa imelowa na oili kweli, na ile oili ilikuwa inashuka kutoka gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, inatiririka kidogo kidogo na vumbi linaificha. Ningeacha hivyo mauntingi mpya ingelainishwa nayo vile vile. Gasketi ile ni ya bei ndogo, boliti zake ni ndogo na haitaki jeki, nikabadilisha, nikaosha breketi yote na sabuni ya unga, sasa hivi nikifungua boneti naona haraka kukianza kuvuja. Na baada ya kwenda Pangani na kurudi na mzigo nikapitia boliti zote tena na renchi, moja ilikubali kidogo, nyingine zilikuwa pale pale.

Ya kushoto kwenye giaboksi nimeikagua, raba yake ina nyufa za juu juu lakini haijaachia, naiangalia kila nikimwaga oili. Nayo utaratibu ni ule ule, tofauti tu ni kwamba jeki inahamia chini ya giaboksi, na kwenye gari nyingi lazima uondoe betri na kisahani chake kwanza ndo uione vizuri. Ya nyuma kule chini ndo siishauri nyumbani kwa mwenye jeki moja. Ile inataka uwe chini ya gari, na mi chini ya gari inayoshikwa na jeki peke yake siingii, hata kwa dakika. Kama una stendi mbili imara za kushikilia gari na sakafu ngumu sawa, vinginevyo tafuta gereji yenye shimo, uwaombe ufanye mwenyewe au usimame pale uangalie wanashusha uzito kabla ya kukaza. Wenye Corolla 110 ndo mjipange zaidi, zenu ziko nne, ya mbele na ya nyuma zinakaa kwenye ule mhimili unaopita chini katikati, kwaiyo msinunue moja bila kuzipima zote kwanza.